Maji Safi

Punda wa Modesti aliitwa Novena, na usidhani jina hilo lilitokana na ibada. Aliitwa hivyo kwa sababu ukitaka anyanyue mguu ilikubidi umwombe siku tisa. Alikuwa jike la kijivu, sikio moja limechanika, na alikula kila kilichokaa karibu na mdomo wake: mabua, maganda ya viazi, mifagio, na Kwaresima moja alikula kofia ya katekista iliyokuwa imetundikwa kwenye uzio. Watu wa kitongoji kile, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kijiji cha Mwazye, walimcheka sana. Na waliomcheka ndio haohao waliokuja asubuhi kumwazima, maana kisima kiko bondeni na njia ya kurudi ni kilima kitupu.

Aliyemtunza hasa alikuwa Agnesi, mke wa Modesti. Modesti alimnunua tu, akaridhika. Kumlisha, kumtoa kupe, kumpaka mafuta vidonda vya mgongoni, hiyo ilikuwa kazi ya Agnesi, kama ilivyokuwa kazi yake kufuga kuku, kupalilia ulezi na kumwangalia mama mkwe wake, Bibi Rozina, ambaye nyumba yake ilitazamana na ya kwao katika ua mmoja. Agnesi alikuwa na miaka arobaini na sita. Katika ndoa yake alizaa mara mbili na kuzika mara mbili, kisha tumbo likanyamaza. Modesti hakumwacha, Mungu ambariki, wala hakuoa mwingine. Ila Bibi Rozina alikuwa na msemo wake. Mche wa kabichi ukinyauka, "Mkono wako una baridi, mke wa Modesti." Kuku akiyasusa mayai, "Mkono wako una baridi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na kule Ufipa baridi ni jambo la kila siku, kwa hiyo Agnesi alilibeba neno hilo miaka ishirini na miwili bila mtu yeyote kugundua kwamba linamchoma.

Sasa elewa alivyofurahi siku kitongoji kilipomchagua.

Kila kiangazi, upepo wa Julai ukishapita na vumbi likaanza kusimama barabarani, mdondo huja. Ni ugonjwa wa kuku, na ukiingia kijijini haubagui nyumba ya mcha Mungu wala ya mlevi. Mwaka ule bwana mifugo, kijana aitwaye Alphonce mwenye pikipiki na maneno ya mjini, aliwaambia mkutanoni kwamba chanjo ipo, ni tone moja tu jichoni, na kila kitongoji kichague mtu wake wa kuitoa. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Cleophas, hakuumiza kichwa.

"Agnesi," alisema. "Hapa kwetu nani ana nyumba safi kumshinda Agnesi?"

Watu wakapiga makofi. Agnesi aliinamisha kichwa, akashika pindo la kitenge chake kwa mikono miwili.

Hilo la usafi lilikuwa kweli, nalo lina kisa chake. Miaka ya nyuma kipindupindu kilipanda kutoka mwambao wa ziwa kikaja mpaka vijiji vya jirani, na bibi afya akazunguka nyumba kwa nyumba akigawa vidonge vya kutibu maji. Kidonge kimoja, ndoo moja, subiri nusu saa. Aliwakaririsha wakubwa kwa wadogo: maji safi ni yapi? Ni yaliyotiwa dawa! Aliuliza hivyo shuleni, aliuliza hivyo kanisani baada ya matangazo, aliuliza hivyo hata kwenye kilabu cha pombe ambako walijibu kwa sauti kuliko wote. Neno likazama. Mpaka leo kitongojini pale ukiomba maji safi hupewi ya kisimani, hata yawe meupe kiasi gani. Unapewa yale yanayonukia dawa, kutoka kwenye ndoo yenye mfuniko. Nyumba nyingi zilichoka baada ya mwaka mmoja, zikarudia mazoea. Agnesi hakuchoka. Ndoo yake nyeupe ilikaa juu ya kigoda chake, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na mgonjwa yeyote jirani alipelekewa kikombe kutoka humo.

Mafunzo ya chanjo yalichukua siku mbili, Mwazye, katika darasa la shule. Alphonce alifundisha vizuri, tusimsingizie. Alieleza kwamba kichupa kikae mahali pa baridi, ndani ya chungu kilichotiwa mchanga wenye maji. Alionyesha namna ya kumlaza kuku ubavu, jicho moja likatazama juu, tone likidondoka umsubiri apepese ndipo umwachie. Na juu ya kuchanganya ule unga wa chanjo alisema, "Mtatumia maji safi, yaliyochemshwa jana yake yakapoa." Agnesi aliandika kwenye daftari: maji safi, kuchemsha, kupoa. Aliyaandika yote matatu, na daftari hilo lipo mpaka leo.

Siku yenyewe ilipangwa Jumamosi, asubuhi, kuku wakiwa bado wamefungiwa. Ijumaa jioni Agnesi alichemsha maji kwenye sufuria, akayaipua, akayaweka juu ya kichanja cha vyombo uani yapate baridi, akafunika kwa sinia na juu ya sinia akaweka jiwe. Asubuhi alipotoka, jiwe liko chini, sinia liko chini, na Novena amesimama palepale na kipande cha kamba shingoni, ndevu zinadondoka maji. Sufuria lilikuwa kavu kabisa. Asante ya punda ni mateke, wanasema, lakini Novena hakuwahi kumpiga mtu teke. Yeye shida yake ilikuwa kiu.

Agnesi alicheka. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko mengine, kwamba alicheka. Alimwita Modesti aje aone, wakacheka wote wawili, na Modesti akasema huyu sasa mdondo hautamgusa.

Lakini watu walikuwa wanangoja. Kuni zilikuwa na umande, na kuchemsha upya hadi yapoe kungekula asubuhi nzima. Kuku wakishafunguliwa, nani atawakimbiza kitongoji kizima? Agnesi akaingia ndani. Juu ya kigoda ndoo ilikuwa imejaa mpaka shingoni, maji safi kuliko yote, aliyoyatia kidonge jana yake mchana. Kwa ajili ya kuku wa watu alichota yale bora aliyokuwa nayo. Alivichanganya vichupa vyote viwili hapohapo mezani, polepole, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Moyo wake haukumwambia lolote.

Alizunguka nyumba ishirini na tatu, Novena nyuma yake amebeba chungu cha mchanga kwenye kikapu. Kila nyumba walimpokea kwa heshima. Wengine walimwekea kigoda. Mwanamume mmoja, Isdori, aliyekuwa hajawahi kumsalimia kwa jina, alimwita mama daktari, na ijapokuwa ulikuwa utani Agnesi alitembea nao mpaka nyumba ya pili na ya tatu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi Rozina. Bibi Rozina alikuwa na mitetea kumi na mmoja na jogoo mwekundu, na alikwisha kuapa mbele ya watu kwamba kuku wake hawatatiwa dawa machoni. Usimcheke. Kuku hao ndio waliomfanya awe bado mtu mwenye nyumba yake. Shamba alikwisha mwachia mwanawe, magoti yalikwisha kufa, lakini mgeni akija hakumwambia Modesti nichinjie. Alichinja wake, kwa kisu chake, na mgeni akala akijua ni karamu ya nani. Asubuhi ile alikaa barazani akimtazama Agnesi anavyohangaika na kuku wake mwenyewe pale uani, anavyowalaza, anavyowapuliza manyoya ya kichwani watulie. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaingia bandani, akatoka na mtetea wa kwanza amemshika mabawa.

"Haya," akasema, akamnyooshea.

Mmoja mmoja, wote kumi na wawili. Jogoo akawa wa mwisho, akapepesa jicho mara mbili, akaachiwa, akawika kwa hasira. Bibi Rozina alijifuta mikono kwenye khanga.

"Umewashika vizuri," akasema, akaingia ndani.

Mtu akikusemea maneno mawili ya namna hiyo baada ya miaka ishirini na miwili, unayafanyaje? Agnesi aliyapeleka kisimani na kuyarudisha. Aliyapikia maharage. Kwa wiki sita aliishi kama mwanamke aliyejifungua salama, na nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo alivyohisi.

Wiki ya saba mtetea mmoja wa Bibi Rozina alisimama peke yake nyuma ya banda, mabawa yamelegea, macho nusu. Asubuhi iliyofuata alikuwa anaharisha kijani. Siku ya tatu shingo ilipinda ikageukia mgongoni, akawa anazunguka, anazunguka, hadi akaanguka. Agnesi alijua. Kila mtu aliyekulia Ufipa anaijua shingo ile. Alijiambia ni mmoja tu, labda tone halikuingia vizuri. Kufika Jumapili walikuwa watano. Kufika Jumatano ilikuwa kitongoji kizima.

Watu walichinja wale walioanza kulegea kabla hawajafa wenyewe, na kwa siku kadhaa kila nyumba ilinukia mchuzi wa kuku, sikukuu ambayo hakuna aliyeiomba. Watoto walikula mpaka wakachoka. Akina mama walikula kimya, kila mmoja akijua anakula ada ya sare, anakula sabuni, anakula mbolea ya mwakani. Wale waliokuwa wamekwisha kufa hawakulika. Mzee Cleophas akaamuru lichimbwe shimo moja nje ya makazi, wafukiwe wote.

Nani wa kuwabeba? Punda alikuwa mmoja tu. Agnesi alimfunga Novena matenga mawili, akapita tena nyumba zilezile ishirini na tatu, kwa njia ileile, na kila nyumba walimtupia ndani ya tenga kuku aliowatonea machoni. Hawakumtukana. Isdori aliwaleta wake wameshikwa miguu, saba kwa mkono mmoja, akawaweka taratibu, akasema, "Pole, mama," na hakuna tusi lingemwuma kuliko ile pole. Novena, ambaye kwa desturi angesimama kila hatua kumi, siku hiyo alitembea bila kuombwa. Jogoo mwekundu wa Bibi Rozina alikuwa juu ya wote kwa sababu alikuwa wa mwisho kufa. Agnesi alitembea nyuma akiyatazama makucha yake yakichezacheza kwa mwendo wa punda, na aliomba, aliomba kweli, kwamba ajikwae afie hapo.

Modesti ndiye aliyempigia simu Alphonce. Alifika kesho yake na pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, ingawa utakaribia nini."

Alphonce alimpasua kuku mmoja, akatazama utumbo, akatikisa kichwa. Kisha akakaa kwenye kigoda na kuuliza maswali. Kichupa kilikaa wapi? Kwenye chungu cha mchanga. Mchanga ulikuwa na maji? Ulikuwa nayo, asubuhi na jioni. Kila kuku tone moja? Tone moja, na nilisubiri apepese. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, na uso wake ulizidi kuonyesha kwamba haelewi.

"Ulichanganya na maji gani?"

"Maji safi," alijibu Agnesi. Alijibu upesi, kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa na uhakika kuliko mahali pengine pote.

"Yaliyochemshwa?"

"Ya kuchemsha aliyanywa punda. Nikachukua yale safi, ya kwenye ndoo."

Alphonce alitazama kupitia mlangoni, akaiona ndoo nyeupe na kitambaa chake cha maua.

"Yana dawa yale?"

"Kidonge kimoja kwa ndoo. Kama tulivyofundishwa."

Kijana alivua kofia yake ya pikipiki, ambayo alikuwa ameisahau kichwani, akaishika magotini. Alipozungumza alizungumza polepole, na maneno ya mjini yote yalikuwa yamemtoka.

"Mama, ile dawa inaua vijidudu. Na chanjo ni kijidudu. Ni kijidudu hai, kimedhoofishwa tu ili kuku amzoee adui. Ulipokitia kwenye maji yale kikafa humohumo kwenye kichupa. Uliwatonea maji matupu."

Kuku mmoja aliyesalia, kifaranga wa nani sijui, alikuwa akilia huko nje.

"Lakini ulisema maji safi," akasema Agnesi.

"Nilisema safi, yaliyochemshwa yakapoa."

"Ndiyo. Ulisema safi."

Kila mmoja alisema kweli, na ukweli wao haukumfufua kuku hata mmoja. Alphonce alisimama, akatembea mpaka kwenye pikipiki, akarudi. Akasema yeye ataeleza kwamba chanjo iliharibika njiani, jua lilikuwa kali siku ile, mambo hayo hutokea. Hakuna atakayeuliza zaidi. Alisema hivyo kwa huruma, na kidogo kwa kujihurumia mwenyewe pia, kwa maana mwalimu ambaye mwanafunzi wake ameua kuku wa kitongoji kizima naye atatazamwa.

Alipoondoka, Modesti alifunga mlango mchana kweupe.

"Umemsikia. Unyamaze," alisema. "Hiki kitongoji kimekusema ujana wako wote. Wakikupata na hili, Agnesi, hawatakuachia tena. Nyamaza, kwa ajili yangu."

"Nitanyamaza," alisema Agnesi, na alikusudia hivyo.

Jumapili baada ya ibada, mzee Cleophas aliwazuia watu uani pa kigango, kanisa lao dogo. Walikaa kwenye matofali yaliyokuwa yamefyatuliwa kwa ajili ya sakristia. Habari ya chanjo kuharibika njiani ilikuwa imekwisha kuenea, na watu walikuwa wameipokea kama watu wanaopokea kitu walichokitegemea. Mmoja alisema vitu vya serikali ni hivyohivyo. Mwingine akasema huenda dawa yenyewe ndiyo iliyowaletea kuku ugonjwa. Mbona mwaka jana hawakuchanjwa na walikufa nusu tu? Hilo lilishika. Lilipita kutoka tofali hadi tofali, na lilipomfikia mzee Cleophas lilikuwa limekwisha kuwa hukumu.

Kabla hajaitamka, Bibi Rozina alisimama. Ilimchukua muda, kwa magoti yale, na watu walinyamaza kumngoja.

"Mimi nimebaki na banda tupu," alisema. "Kwa hiyo nina haki ya kusema. Nimesikia huko kisimani wapo wanaomnong'ona mke wa mwanangu. Waache. Nimeishi naye miaka ishirini na miwili, na mimi mwenyewe nimemsemea maneno ambayo Mungu anisamehe. Nilikaa barazani nikamwona kwa macho yangu alivyowashika kuku. Hata mimi sikuwahi kuwashika hivyo. Dawa ndiyo mbovu. Mkono wake hauna kosa."

Agnesi alikuwa amekaa upande wa wanawake, karibu na ukuta. Alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu akiwa msichana aliyeletwa na sanduku moja la bati. Alikuwa ameyangoja kando ya makaburi mawili madogo. Sasa yamesemwa, mbele ya kanisa, na mtu pekee ambaye kusema kwake kulikuwa na maana, na yalikuwa ya uongo.

"Basi tumeelewana," mzee Cleophas alisema. "Chanjo hapa isikanyage tena. Si mwaka huu, si mwakani. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kupanda. Agnesi aliiona. Aliona na kiangazi kijacho, na kinachofuata, na shingo zile zikipinda nyuma ya kila banda kwa sababu yeye amekaa karibu na ukuta amenyamaza. Upande wa wanaume Modesti alikuwa akimtazama, akitikisa kichwa taratibu, akimsihi.

Akasimama.

"Dawa haikuwa mbovu," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Dawa ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeiua. Nilichanganya na maji ya kwenye ndoo, yale safi. Yale ya kidonge. Kidonge kinaua chanjo, sikujua. Ninyimeni mimi kazi, msiwanyime kuku wenu chanjo."

Hakuna aliyepiga kelele. Laiti wangepiga. Mikono iliyokuwa juu ilishuka mmoja mmoja, kwa aibu, na mtu mmoja huko nyuma akacheka kwa mshangao, kicheko kifupi, akajizuia. Bibi Rozina alikuwa bado amesimama. Alimtazama Agnesi kama anayetafuta mahali pa kuyarudisha maneno yake.

"Kumbe," alisema. Akaketi.

Msema kweli mpenzi wa Mungu, na yawezekana Mungu alimpenda siku hiyo, sijui. Watu hawakumpenda. Hawakumfukuza wala kumzulia uchawi, tuwatendee haki. Waliendelea kumsalimia. Ila kikombe chake cha maji wagonjwa walianza kukikataa, kwa adabu, wakisema wamekwisha kunywa. Mtoto wa nyumba fulani akipewa andazi na Agnesi alilipeleka kwanza kwa mama yake, na halikuonekana likiliwa. Vijana wakampa jina, Mama Maji Safi, na hilo lilipendwa sana kwenye kilabu cha pombe. Novena, aliyeyanywa maji yenyewe, yeye hakuwa na neno na mtu. Kisa chake kilisimuliwa mpaka Mwazye na watu wakashika mbavu, na kila asubuhi waliendelea kuja kumwazima, wakimpigapiga shingoni, wakimwita mlevi. Punda alisamehewa kabla hata kuku hawajaoza shimoni.

Modesti hakumlaumu. Alirudi shambani, akarudi nyumbani, akala, na jioni moja akasema tu, "Nilikuomba kitu kimoja." Na ni kweli, alikuwa amemwomba kitu kimoja.

Kwa Bibi Rozina hapakuwa na neno lolote juu ya hilo, si la baridi wala la joto. Agnesi alimpelekea uji asubuhi, akaukuta umenywewa. Alimkanda magoti, akaachiwa ayakande. Walikuwa wakizungumza habari za mvua.

Mwezi wa kumi na moja mvua za kwanza zilipoanza kulowesha vumbi, Alphonce alileta chanjo tena. Kitongoji kiliipokea. Watu walikuwa wamekwisha kuanza upya, huyu kanunua mtetea mmoja sokoni Majengo, huko mjini, yule kaletewa wawili na shemeji, na binti wa Bibi Rozina aliyeolewa Kipili, kule ziwani, alikuwa amempandishia mama yake mtetea mmoja mweusi kwenye gari la migebuka, ananuka samaki mpaka kwenye manyoya. Safari hii mchanjaji alikuwa Mary, fundi cherehani, mwanamke mchangamfu mwenye watoto wanne. Alikuja na maji yake kwenye chupa, yaliyochemshwa, na kila nyumba alikoingia alisema bila kuulizwa, "Haya nimechemsha mwenyewe, hayana kitu."

Alipofika uani kwa Bibi Rozina, yule mtetea mweusi alimponyoka bibi mikononi. Alipita chini ya kichanja, akapita katikati ya miguu ya Novena, akakata kuelekea shambani. Mary akakimbia huku, akakosa. Akakimbia kule, akakosa. Agnesi alikuwa akipepeta ulezi mlangoni kwake. Kuku alipopita karibu hakufikiri. Aliinama mara moja, akamdaka kwa mabawa yote mawili, akamtuliza kifuani, akampuliza manyoya ya kichwani. Kuku akatulia. Agnesi alihisi ule moyo mdogo ukipiga kiganjani mwake, na kwa nukta chache alisahau yote.

Bibi Rozina alikuwa anakuja. Alikuwa anakimbia, mwanamke yule ambaye hajakimbia kwa miaka kumi, khanga inaburuta chini, mkono mmoja umenyooshwa mbele.

"Mwachie," alisema akihema. "Mwachie, mwanangu. Mpe Mary amshike."

Katika ndoa yote ya Agnesi, Bibi Rozina hakuwahi kumwita mwanangu. Alilisema kwa upole, vile unavyosema na mtoto aliyeokota kisu, na macho yake hayakumtazama Agnesi. Yalikuwa yanamtazama kuku.

Agnesi akampa Mary. Tone likaanguka, kuku akapepesa, Bibi Rozina akampokea mwenyewe na kumpeleka bandani. Agnesi aliingia ndani, akakaa kitandani na viganja vyake vimefumbuka mapajani, bado vina joto la kuku, akalia bila kutoa sauti ili uani wasisikie.

Yule mtetea hakufa kiangazi kilichofuata. Wala wa Isdori, wala wa mzee Cleophas, na mdondo ulipita vijiji vya jirani ukakiacha kitongoji kile. Mweusi alitaga kumi na matatu, akaangua kumi, na kumi hao wakakua uani hapohapo, mbele ya mlango wa Agnesi, na ilipofika saa ya kuwafungia jioni Bibi Rozina alimwita jirani kutoka nyumba ya tatu aje kumsaidia.